Njia Nne za Kurekodi Onyesho kwa Mwendelezo: Ipi Imfae Mwanafunzi wa Filamu?

Mwanafunzi anapokaa mbele ya kompyuta na kukuta kwamba shoti zake, yaani vipande vya picha alivyorekodi bila kuisimamisha kamera, hazishikani, kwa kawaida hutafuta dawa ndani ya programu ya kuhariri, ilhali mara nyingi jambo lilikwisha kuharibika siku ya kurekodi, pale alipochagua namna ya kulipiga onyesho bila kupima namna hiyo inadai nini kwa waigizaji, kwa mwanga na kwa muda alionao. Kazi ya mwendelezo ni kumfanya mtazamaji azipokee shoti zilizorekodiwa kwa saa mbalimbali, pengine hata kwa siku mbalimbali, kama tukio moja lisilokatika. Njia zinazotumika zaidi kulifikia lengo hilo ni 4: kurekodi onyesho zima kwa shoti pana, kisha kulirudia kwa shoti za karibu, kurekodi kipande kwa kipande, kila kipande kikirudia mwisho wa kile kilichotangulia, kurekodi onyesho lote kwa shoti moja ndefu, na kurekodi kwa kamera 2 kwa wakati mmoja. Zote ni njia halali za kazi, na hakuna iliyo bora kila mahali. Kwa maoni yangu, swali linalozitenganisha ni moja: ni kitu gani katika onyesho hili hakiwezi kurudiwa?

Tuchukue onyesho la kupimia. Dada anaingia chumbani, anafungua droo, anatoa bahasha, anaketi mbele ya kaka yake, wanazungumza kwa takriban dakika 2, kisha anaichana barua iliyokuwa ndani ya bahasha. Humo mna mwili unaotoka sehemu moja kwenda nyingine, mna mazungumzo ya watu walioketi, na mna kitendo ambacho kikishafanyika hakirudi nyuma. Kila kimoja kinavutia kwenye njia yake.

Yanayohusu njia zote

Kanuni ya nyuzi 180 hutangulia uchaguzi wowote. Wazia mstari uliochorwa kati ya dada na kaka, amua kamera itakaa upande gani wa mstari huo, kisha usiuvuke. Ukibaki upande mmoja, dada ataendelea kutazama kulia na kaka kushoto, nao wataonekana wanatazamana hata katika shoti ambazo kila mmoja yuko peke yake. Ukiuvuka, wote wawili watatazama upande uleule, na mtazamaji ataona kana kwamba wanazungumza na mtu wa tatu asiyeonekana. Mstari huvukwa bila madhara iwapo kamera inasogea huku ikirekodi mpaka ikafika ng'ambo, iwapo mwigizaji anabadili mahali mbele ya macho ya mtazamaji, au iwapo katikati imewekwa shoti iliyopigwa juu ya mstari wenyewe. Kanuni ya nyuzi 30 nayo inahusu shoti 2 zinazofuatana za mtu yuleyule: kamera isogezwe angalau nyuzi 30 kumzunguka, na ni vyema ukubwa wake ndani ya picha ubadilike waziwazi, la sivyo picha itaonekana imeruka.

Kamera nayo iondolewe kwenye mipangilio ya kujiendesha. Rangi ya mwanga, kiasi cha mwanga na fokasi (ukali wa picha) zikiachwa zijirekebishe zenyewe, ukuta uliokuwa mweupe katika shoti ya kwanza utakuwa na umanjano katika ya pili. Idadi ya fremu kwa sekunde, yaani picha moja moja zinazounda mwendo, iwe ileile kwa shoti zote, ama 24 ama 25.

Shoti kuu au vipande vinavyopishana?

Mwenye kamera moja huchagua hasa kati ya njia hizi 2, na hapa ndipo penye mengi ya kupima.

Katika njia ya shoti kuu, onyesho huigizwa tangu mwanzo hadi mwisho mbele ya shoti pana. Baada ya hapo kamera husogezwa na onyesho lilelile huigizwa tena kwa shoti ya kati ya dada, ya kati ya kaka, ya karibu ya dada na ya karibu ya kaka. Faida yake ni kwamba mhariri hupata kila neno na kila kitendo kutoka pembe 5, hivyo anaweza kuamua baadaye, akiwa ametulia, ni wakati gani uso wa kaka anayesikiliza una uzito kuliko uso wa dada anayesema. Shoti kuu ni kinga pia, kwa kuwa shoti ya karibu ikiharibika bado pana mahali pa kurudi. Gharama yake ni marudio. Mazungumzo ya dakika 2 yakipigwa kwa pembe 5, kila pembe mara 3, yanazaa dakika 30 za picha, na waigizaji watakuwa wameyapitia maneno yaleyale mara 15. Mwigizaji asiye na uzoefu huanza kukariri badala ya kuhisi, na kwa utaratibu uliozoeleka shoti za karibu, ambazo ndizo zinazohitaji uso ulio hai, hupigwa mwisho, wakati amekwisha kuchoka.

Marudio hayo ndiyo pia yanayozaa makosa ya mwendelezo yanayofahamika zaidi. Katika shoti kuu dada alishika bahasha kwa mkono wa kushoto. Katika shoti ya karibu ameishika kwa mkono wa kulia. Mara ya kwanza aliiweka mezani kabla ya kusema "nimeisoma". Mara ya nne aliiweka baada ya kusema. Kwa sababu hiyo njia hii inahitaji mtu asiye na kazi nyingine isipokuwa kutunza mwendelezo, ambaye kwenye nakala yake ya mswada, kando ya kila mstari, anaandika mkono uliotumika, neno lililokuwa likisemwa wakati wa kitendo na upande ambao kichwa kiligeukia, kisha anapiga picha kwa simu mwanzoni na mwishoni mwa kila mrudio. Kuandika "anaweka bahasha" hakutoshi. Kinachotakiwa ni "mkono wa kulia, bahasha inagusa meza kwenye silabi ya mwisho ya 'nimeisoma'". Kundi dogo lisiloweza kumtenga mtu wa kazi hiyo lisiichague njia hii kwa onyesho lenye vitu vingi vya kushikwashikwa.

Lipo pia suala la mtazamo. Shoti za dada na kaka zitakuwa zikipokezana, kwa hiyo zipigwe kwa lenzi ileile, kwa umbali uleule na kwa kimo kinacholingana na macho ya anayetazamwa, naye mwenzake asiyeonekana aketi karibu kabisa na lenzi, upande unaostahili. Dada akitazama sentimita chache juu ya mahali ambapo kaka anaonekana kuwa, mtazamaji hatajua kasoro iko wapi, lakini atahisi kwamba watu hawa hawako chumba kimoja.

Katika njia ya vipande vinavyopishana, onyesho hukatwa tangu kwenye mswada. Shoti ya kwanza inamwonyesha dada akifungua mlango, akitembea, akifika kwenye droo na kuishika. Ya pili, iliyo karibu zaidi, inaanza akiwa bado hatua 2 nyuma ya droo: anafika, anaishika, anaifungua, anaingiza mkono. Ya tatu inaanza kabla mkono haujaingia drooni na inaendelea mpaka bahasha imetoka. Kila kiungo kimerekodiwa mara 2 kutoka pembe 2, na ndani ya sehemu hiyo iliyorudiwa mhariri ana uhuru wa kutafuta fremu ya kukatia. Vipande 6 vya nusu dakika, kila kimoja kikipigwa mara 3, vinazaa dakika 9 tu za picha. Kinachopaswa kukumbukwa kwa usahihi ni kile kilicho kwenye kiungo peke yake, hivyo hata mwongozaji anayeshika kamera mwenyewe anaweza kuumudu mwendelezo.

Hasara yake ni kwamba uhariri unakuwa umekwisha kuamuliwa kichwani. Mpango ukiwa na kasoro, hakuna pembe nyingine ya kukimbilia. Mwigizaji naye hucheza vipande vifupi bila mkondo wa hisia, jambo lisilo na madhara makubwa anapofungua droo, lakini lenye madhara anapotakiwa kupandisha hasira hatua kwa hatua ndani ya mazungumzo. Na wengi hurudia kidogo mno: kamera inazimwa mara tu mkono unapogusa droo, na shoti inayofuata inaanza mkono ukiwa tayari kwenye droo, kwa hiyo panabaki fremu moja tu inayowezekana kukatiwa, na kidole kikiwa kimehama kidogo, fremu hiyo nayo haifai. Rudia kitendo kizima, wala usirudie nusu yake, na uiache kamera iendelee kwa sekunde 5 hivi baada ya mwigizaji kumaliza.

Tofauti ambayo sijaiona ikitiliwa mkazo wa kutosha kati ya njia hizi 2 ni namna kila moja inavyopokea mabadiliko ya mwanga wa jua. Jua huhama kwa nyuzi 15 kila saa, na doa la mwanga lililoingia kupitia dirishani huhama nalo. Katika njia ya shoti kuu, upande wa dada unaweza kupigwa asubuhi na upande wa kaka adhuhuri, kisha mhariri akazipokezanisha shoti hizo kila baada ya sekunde kadhaa, na mwanga ukawa unakwenda na kurudi mbele ya macho ya watu. Katika njia ya vipande, ikiwa vimepigwa kwa mfuatano wa hadithi, mwanga huhama upande mmoja tu, polepole, kama unavyohama katika maisha, na ni wachache watakaotambua. Kwa hiyo, ikiwa taa ni chache na unategemea dirisha, na ikiwa onyesho linabebwa na vitendo, vipande vinavyopishana vinakufaa zaidi. Ikiwa mwanga wako hautabadilika na onyesho linabebwa na maneno, chagua shoti kuu.

Shoti moja ndefu, na kamera mbili

Shoti ndefu inavutia kwa sababu haina viungo, na pasipo viungo hapana cha kulinganisha. Zama za filamu ya milimita 35, mkanda wa mita 305 ulikwisha baada ya dakika 11 hivi kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde. Kamera za dijitali zimeuondoa mpaka huo, na wanafunzi wengi huona njia hii kama mkato wa kazi. Ukweli ni kwamba kazi yote inahamia kwenye mazoezi. Kamera, mshika maikrofoni na waigizaji hupaswa kujua kila mmoja atakuwa wapi kila sekunde, na neno moja likikosewa katika dakika ya mwisho, dakika zote zilizotangulia zimepotea. Kibaya zaidi, kasi ya onyesho haiwezi kubadilishwa baadaye: sehemu iliyopwaya itabaki imepwaya. Ichague pale ambapo kutokukatwa kwenyewe kuna maana, kwa mfano unapotaka mtazamaji angoje pamoja na kaka mpaka dada afike, asiachiliwe hata kidogo. Na hata hapo, rekodi kando shoti 2 au 3 za akiba, kama vile mkono wa kaka juu ya meza, ambazo zitaruhusu kuunganisha mrudio mzuri wa mwanzo na mrudio mzuri wa mwisho.

Kamera 2 hutatua tatizo moja kwa ukamilifu: mkono ulioonekana kwenye kamera ya kwanza ndio huohuo ulioonekana kwenye ya pili, kwa wakati uleule. Kitu kisichoweza kurudiwa, kama machozi ya kweli, mtoto mdogo asiyefuata maelekezo au karatasi iliyopo moja tu, kinastahili njia hii. Lakini taa inayopendeza kwa pembe moja mara nyingi huharibu ya pili, hivyo picha zote mbili huishia kuwa na mwanga bapa. Kamera zinaweza kuonana. Na kamera za aina tofauti hutoa rangi zisizofanana ambazo zitahitaji saa nyingi kusawazishwa. Mwenye kamera 2 na mtaalamu mmoja tu wa taa bado anafanya vizuri zaidi kutumia moja kwa sehemu kubwa ya onyesho.

Wakati wa kuhariri

Njia ya kurekodi ndiyo inayoamua ni mikato ya aina gani itakayopatikana, yaani mahali ambapo shoti moja inaishia na nyingine kuanza. Mkato juu ya kitendo, ambao shoti hubadilika wakati mwili uko katika mwendo, ndio unaoficha vizuri zaidi, kwa kuwa jicho la mtazamaji linafuata mwendo na halina nafasi ya kuchunguza kilichobadilika. Dada anapoketi, mkato uwekwe akiwa amekwisha kuanza kushuka na kabla hajagusa kiti. Ukiwekwa kabla hajaanza au baada ya kutulia, kiungo kinaonekana. Katika picha za fremu 25 kwa sekunde, kuongeza au kupunguza fremu 2 tu kunaweza kuufanya mwendo ukwame au uruke, kwa hiyo jaribu fremu moja baada ya nyingine na utazame kwa kasi ya kawaida, usiamue kwa kutazama picha iliyosimama. Mkato huu unapatikana kwa urahisi kwenye vipande vilivyopishana vizuri, na kwenye shoti kuu iwapo mwigizaji aliketi kwa kasi moja kila mara.

Mkato wa mtazamo haudai hayo. Dada anainua macho, na shoti inayofuata inaonyesha anachokitazama. Hapa hakuna mwili unaopaswa kulingana, ni upande wa macho tu, na ndiyo maana ninaupendekeza kwa kila anayeanza: mtazamaji mwenyewe hutaka kujua mtu anatazama nini, naye huupokea mkato kama jibu. Shoti ya akiba ya kitu kilichomo chumbani huziba mapengo pia, lakini ikitumiwa kila palipo na kasoro, mtazamaji huanza kujiuliza kwa nini anaonyeshwa droo ile kwa mara ya tatu.

Sauti inaokoa kuliko watu wengi wanavyodhani. Ukikata picha na sauti kwa pamoja mwishoni mwa kila sentensi, mazungumzo yatadunda kama mpira unaorushwa kwa zamu. Ukiacha sauti ya kaka itangulie kusikika tukiwa bado tunamtazama dada, au sauti ya dada iendelee juu ya uso wa kaka, mkato unapoteza makali yake na kasoro ndogo za mikono husahaulika. Ili jambo hilo liwezekane, rekodi walau sekunde 30 za sauti ya chumba kikiwa kitupu, huku taa na mashine zote zikiwa kama zilivyokuwa wakati wa kurekodi. Sauti hiyo ikitandazwa chini ya onyesho zima, tofauti kati ya mrudio mmoja na mwingine hazitasikika kwa urahisi.

Utafika wakati wa kuchagua kati ya mrudio ambao mkono unalingana na mrudio ambao uso unasema kweli. Mhariri wa Marekani Walter Murch alipanga vigezo 6 vya mkato mzuri na kuvipa uzito: hisia asilimia 51, hadithi 23, mdundo 10, mahali jicho la mtazamaji lilipo 7, mpangilio wa picha kwenye skrini 5, na mwendelezo wa nafasi halisi 4. Asilimia hizo si kipimo cha maabara, ila zinaonyesha mpangilio ambao mimi pia ninaukubali bila kusita: bahasha ikihama mkono huku uso wa dada ukiwa umebeba onyesho, chagua uso. Jambo hilo halifanyi kazi kwa upande wa macho wala kwa mstari wa nyuzi 180, kwa sababu hayo yakivurugika hisia zenyewe hazieleweki. Kinachosameheka ni vitu vidogo vilivyo pembezoni.

Uchaguzi kwa onyesho letu

Hakuna sheria inayokulazimisha kutumia njia moja kwa onyesho zima. Kuingia kwa dada, droo na bahasha ningevipiga kwa vipande vinavyopishana, kwa mfuatano wa hadithi. Mazungumzo ningeyapiga kwa shoti kuu, ila ningezipunguza pembe ziwe 3: pana, ya karibu ya dada na ya karibu ya kaka. Shoti pana ningeisimamisha mara tu inapotosha, ili nguvu ya waigizaji ibaki kwa shoti za karibu. Na kati yao wawili, yule mwenye mzigo mkubwa wa hisia atangulie. Shoti zote zinazotazama upande mmoja zimalizwe kabla ya kuhamisha taa. Kuchanwa kwa barua kupigwe mwisho, kwa kamera 2 zikipatikana. Ikiwa ni moja, ziandaliwe nakala za barua zinazotosha marudio yote, zikiwa zimekunjwa kwa mikunjo ileile, na mwigizaji aelezwe ataanza kuichana kutoka pembe ipi.

Muda ukibana, cha kwanza kuachwa ni mrudio wa pili wa shoti pana, kisha shoti yoyote ya akiba isiyo na mtazamo wa mtu unaoielekea. Sehemu ya kupishana kwenye droo isiachwe kwa hali yoyote, wala shoti ya karibu ya kaka akisikiliza bila kusema neno, kwa sababu kila utakapohitaji kufupisha mazungumzo au kuruka sentensi iliyoigizwa vibaya, ni juu ya uso huo unaosikiliza ndipo mkato utakapowekwa.